Kufunga matairi makubwa kwenye Land Cruiser 80 ya zamani: vipimo, kosa langu na saizi iliyokaa

#1

Wakuu, salaam.

Nina Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, toleo la GX lenye injini ya dizeli ya 1HZ, na nimeiendesha kwa miaka kumi na moja, sehemu kubwa ikiwa kati ya Arusha mjini na barabara za vumbi zinazoelekea Engaruka, Ziwa Natron na Eyasi. Swali la matairi makubwa linarudi hapa kila mara, na majibu yake huwa ama "funga tu, hakuna shida" ama "utaua gari", na yote mawili hayamsaidii mtu aliyesimama mbele ya duka la matairi akiwa na fedha mfukoni. Mimi nimepita njia zote mbili: nilinunua kwanza nikapima baadaye, kisha nikapima kwanza ndipo nikanunua. Naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu gari la miaka thelathini linahitaji hesabu tofauti na gari lililotoka dukani jana.

Nianze na namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, maana hapo ndipo wengi tunapotegemea macho badala ya kalamu. Kibandiko cha mlangoni kwenye gari langu kinasema 275/70R16 (angalia cha kwako, kwani 80 zilitoka na saizi zaidi ya moja). Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu, na ya mwisho ni rimu kwa inchi. Ubavu wa 275/70 una milimita 192.5, ukichukua mara mbili na kuongeza rimu ya milimita 406.4 unapata kipenyo cha milimita 791. Kwa hesabu hiyohiyo 285/75R16 ina milimita 834, na 315/75R16 ina milimita 879. Maana yake ni kwamba kuhama kutoka 275/70 kwenda 285/75 kunaongeza kipenyo kwa milimita 42 na ushee, lakini gari linapanda nusu yake tu, yaani milimita 21. Milimita hizo 21 ni chache, lakini zina thamani ambayo springi haziwezi kukupa: gari hili lina ekseli nzima mbele na nyuma, kwa hiyo springi ndefu huinua bodi peke yake, na difu (kile kikasha cha gia kilicho kwenye ekseli) inabaki palepale ilipokuwa. Kinachoinua difu kutoka kwenye jiwe ni tairi.

Sasa kosa langu. Mwaka wa tatu wa kuwa na gari hili nilinunua matairi manne ya 315/75R16 yaliyotumika, nikayafunga bila kugusa kitu kingine. Mjini gari lilitembea vizuri, na usukani ukikunjwa hadi mwisho nilisikia tu mkwaruzo mdogo. Wiki mbili baadaye tukiwa na mzigo, tumepita Engaruka kuelekea Natron, tukashuka kwenye korongo kwa pembe. Gurudumu la mbele kushoto likapanda, na nikasikia mlio kama wa turubai linalochanika. Niliposhuka nilikuta plastiki ya ndani ya madigadi imepasuka kiasi cha kiganja cha mkono, na kwenye mkono mrefu unaoshika ekseli ya mbele kulikuwa na alama nyeusi ya mpira iliyong'aa kama imepigwa dawa ya viatu. Tairi lilikuwa limekula sehemu mbili kwa wakati mmoja, juu kwa sababu ya kipenyo na ndani kwa sababu ya upana.

Siku hiyohiyo tulipata pancha ya gurudumu la nyuma, na ndipo nilipotambua kwamba tairi la akiba lililoning'inia chini ya gari lilikuwa bado la saizi ya zamani, dogo kwa karibu milimita 88. Kufunga tairi dogo upande mmoja wa ekseli ya nyuma ni kuilazimisha difu ifanye kazi ya kona kwa safari nzima, hata barabara ikiwa imenyooka. Gari langu ni lile la kufunga na kufungua habu za mbele kwa mkono (zikiwa wazi, magurudumu ya mbele yanazunguka bila kuendeshwa na difu), kwa hiyo tulihamisha tairi zima la mbele likaenda nyuma, tukaweka dogo mbele, habu zikiwa wazi, tukatembea polepole huku usukani ukivuta upande mmoja. Ilituchukua saa nzima juani kufanya kazi ambayo isingehitajika kama ningenunua matairi matano ya saizi moja. Wenye 80 ya kuendesha magurudumu yote muda wote hawana hata njia hiyo ya kuponea, kwa sababu difu ya katikati nayo itakuwa inazunguka bila kupumzika.

Nilipoyauza yale matairi nilianza upya, na safari hii nilipima. Nilikanda unga wa ngano ukawa mgumu kidogo, nikatengeneza madonge ya unene wa vidole vitatu, nikayabandika ndani ya madigadi: juu, nyuma karibu na kona ya mlango, na mbele karibu na bampa. Donge lingine nililibandika kwenye mkono wa ekseli. Rafiki yangu aliniazima gurudumu moja la 285/75R16, nikalifunga mbele, nikapakia gari kwa magunia ya mchanga, kisha nikapandisha gurudumu lile kwenye rundo la mawe huku gurudumu la nyuma la upande wa pili likiwa juu ya rundo jingine, ili ekseli zijikunje kama zinavyojikunja korongoni. Nikakunja usukani polepole kulia hadi mwisho, kisha kushoto hadi mwisho. Donge la juu lilibaki na unene wa kidole kimoja. La nyuma ya madigadi lilibanwa kidogo. La kwenye mkono wa ekseli liliguswa juu juu tu, na hilo lilimalizwa na bolti ya kuzuia kona, ambayo nilimwomba fundi aitoe nje mizunguko miwili. Gari sasa linahitaji nafasi kubwa kidogo kugeuka, lakini halisugui. Unga ule ulinifundisha zaidi ya kila picha niliyowahi kuiona mtandaoni.

Rimu za asili zenye upana wa inchi 8 zinalipokea 285/75 bila kubadilishwa, kwa kuwa tairi hilo linakubali upana wa rimu kuanzia inchi 7.5 hadi 9. Sikuweka spesa (vipande vya chuma vya kuweka kati ya habu na rimu) na sishauri mtu aweke, kwa sababu zinasogeza gurudumu nje, na gurudumu linalosogea nje linachora duara kubwa zaidi linapogeuka, kwa hiyo linakwenda kugusa bampa na kona ya madigadi mahali ambapo lingepita salama. Tena zinaongeza mzigo kwenye beringi za habu ambazo kwa umri huu tayari zimechoka.

Baadaye niliinua gari kwa springi za milimita 50, na hapa nataka wanaofikiria kufanya hivyo wasome kwa utulivu. Mikono ya ekseli ya mbele kwenye 80 imeshikwa nyuma kwenye chesisi, kwa hiyo bodi ikipanda, ekseli inazunguka kidogo na kasta inapungua, yaani ule mlalo unaofanya usukani ujirudishe wenyewe katikati. Gari lilianza kutangatanga barabarani kwa kasi ya 80, na nilidhani ni matairi. Kumbe ni bushi za kasta, zile za kurudisha mlalo huo, ambazo sikuziweka. Pia iko fimbo ndefu inayoishika ekseli isihame kulia wala kushoto, na bodi inapopanda fimbo hiyo huivuta ekseli upande mmoja. Tofauti yake kwa milimita 50 ni ndogo, lakini ipimwe. Mipira ya breki iangaliwe gari likiwa limening'inia kwa jeki, magurudumu yakiwa yameshuka hadi mwisho, isiwe imekaza.

La mwisho kwenye kuinua ndilo ambalo mafundi wengi hawaligusi. Nyuma ya gari, juu ya ekseli, ipo vali ya breki yenye fimbo ndogo iliyounganishwa na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo: bodi ikishuka kwa mzigo, vali inaruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma, bodi ikiwa juu, inapunguza, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge gari likiwa tupu. Ukiinua gari bila kurekebisha fimbo ile, vali inaamini kwamba gari ni tupu siku zote, hata ukiwa umebeba watu saba na mahema. Ukijumlisha na tairi kubwa, ambalo kwa kipenyo chake pekee linapunguza nguvu ya breki inayofika ardhini kwa asilimia 5, unakuwa umeondoa breki pande mbili kwa wakati mmoja. Kishikio cha fimbo hiyo kinarekebishika, na kazi yake haizidi nusu saa.

Kuhusu mwendo na mafuta: kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 5.4, kwa hiyo kila mzunguko wa gurudumu unakwenda mbali zaidi kuliko dashibodi inavyojua. Kabla ya kubadilisha, mshale ukiwa kwenye 100 simu yangu ilisoma 96. Sasa inasoma 101. Kilomita 500 za dashibodi ni kilomita 527 za kweli. Hili ni muhimu unapopima mafuta, kwani nilipopiga hesabu mara ya kwanza niliona nimetoka lita 13.5 hadi 14.8 kwa kilomita 100, nikasikitika sana. Nilipogawanya kwa kilomita za kweli nilipata lita 14 na nukta. Ongezeko lipo, ila ni la nusu lita.

Maswali yanakaribishwa.

#2

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Mimi nina Prado 90 ya mwaka 1999 yenye 265/70R16. Je, hiyo 285/75R16 inaingia? Fundi wangu anasema atakata kidogo na kupiga nyundo, itaingia.

#3

Mkuu, Prado 90 ni gari tofauti kwa mbele, kwa sababu magurudumu yake ya mbele hayaungani kwa ekseli moja. Kila upande una mikono yake na shafti yake. Tairi lako la sasa lina kipenyo cha milimita 777, kwa hiyo 285/75 itakuongezea milimita 56, na mahali pa kwanza patakapoguswa ni nyuma ya gurudumu la mbele, pale bodi inapokalia chesisi. Hapo si mahali pa kupiga nyundo bila kujua unachokipiga. Ukiiinua sana kwa mbele ili tairi lipite, shafti zinakaa kwa pembe kali na mipira yake inachanika mapema, grisi inatoka, vumbi linaingia.

Kwa gari lako ningechagua 265/75R16. Upana haubadiliki, kipenyo kinakuwa milimita 804, na unapata karibu milimita 13 chini ya gari bila kukata kitu. Jambo jingine ni kwamba tairi lako la akiba limefungwa kwenye mlango wa nyuma. Kabla ya kufunga zito zaidi, fungua mlango huo, ushike kwenye ukingo wa nje, uuinue. Ukisikia unacheza juu na chini, bawaba zimechoka na zitengenezwe kwanza.

#4

Mimi sioni faida ya tairi pana kama hiyo 285. Magari ya kitalii hapo Arusha, zile Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizorefushwa, yanatembea na 7.50R16 au 235/85R16, matairi membamba, na yanapita Serengeti masika na kiangazi yakiwa na wageni ndani. Kama upana ungekuwa na faida, wenye kampuni wangekuwa wameshahamia huko. Tairi jembamba linachana tope na kufika chini kwenye ardhi ngumu.

#5

Hoja yako ni nzuri, na kwa sehemu kubwa nakubaliana nawe. Kwenye barabara ya tope juu ya ardhi ngumu, na kwenye changarawe yenye mawe makali ambapo ubavu mpana unachomwa kirahisi, tairi jembamba na refu hufanya kazi nzuri sana. Kumbuka kwamba 235/85R16 ina kipenyo cha milimita 806, kwa hiyo wenye magari hayo hawakukimbia tairi refu, walikimbia pana. Kama 80 yangu ingekuwa ya kubeba wageni kila siku, ningeipa tairi la namna hiyo.

Ila kwenye udongo mweusi wa mbuga hakuna ardhi ngumu karibu. Ukichana unaendelea kuzama hadi chesisi ikalale. Huko, na kwenye mchanga, kinachokuokoa ni upepo mdogo, na nafikiri jambo hili linazungumzwa kidogo mno. Gari langu likiwa na mzigo kidogo, kila gurudumu linabeba takriban kilo 600. Upepo wa psi 35 ni karibu kilo 2.5 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo tairi linahitaji kugusa ardhi kwa kadiri ya sentimita za mraba 240 ili kubeba uzito huo. Shusha upepo hadi psi 18, eneo linakaribia kuwa maradufu, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo huja kwa urefu, kama wayo wa mtu, si kwa upana. Ugumu wa ubavu unabadilisha hesabu kidogo, lakini mwelekeo ni huo. Mwenye tairi la kawaida na kipimo cha upepo atapita mahali ambapo mwenye tairi kubwa lililojazwa hadi kupasuka atakwama. Muhimu ni kuwa na pampu ya kurudishia upepo kabla ya kuongeza mwendo, kwa sababu tairi lenye psi 18 kwenye lami linachemka ubavuni na linaweza kupasuka.

#6

Mimi ni fundi, nimefanya kazi za Land Cruiser 80 na 105 kwa muda mrefu. Mwenye uzi ameeleza vizuri, naongeza upande wa viungo vya mbele, kwa kuwa wateja wengi wanaleta gari na malalamiko ya "tairi jipya linatetemeka" wakati tairi halina kosa.

Kabla ya kufunga tairi kubwa, ingia chini uangalie lile duara la chuma nyuma ya gurudumu la mbele, mahali gurudumu linapogeukia. Linatakiwa liwe na utando mwembamba tu wa grisi. Ukikuta uji mweusi unaodondoka, sili ya ndani imekwisha, na oili ya difu imechanganyika na grisi. Kiungo cha ndani kinafanya kazi kwenye supu, na beringi za juu na chini zinazoshika kigeuzio (kiungo kinachogeuza gurudumu) zinakauka. Kisha inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukikoma, ni beringi za habu. Ukiendelea, ni zile za kigeuzio. Gurudumu likiwa dogo, mchezo huo unaweza kuishi nao miaka miwili bila kujua. Gurudumu likiongezeka uzito na kipenyo, usukani utatetemeka ukipita shimo kwa kasi ya 70 na hautatulia hadi upunguze mwendo. Watu wananunua shokapu ya stelingi ili kuficha tatizo. Fungua kigeuzio, weka sili, beringi na grisi mpya, ndipo ufunge matairi. Tairodi (fimbo za usukani) nazo zipimwe siku hiyohiyo, na alaimenti ifanywe mwisho.

#7

Nashukuru kwa elimu hii. Mimi bado moyo wangu uko kwenye 315/75R16, na gari ni 80 ya 1HZ kama ya mwenye uzi. Kama niko tayari kutumia fedha, nini kinahitajika? Na je, matairi yaliyotumika yanafaa?

#8

Mkuu, inawezekana, na zipo 80 nyingi zinazotembea na saizi hiyo. Utahitaji kuinua gari, kurekebisha kasta na ile vali ya breki, kukata kona za bampa, na kuzuia kona zaidi ya nilivyozuia mimi. Tairi la akiba utalitafutia mahali pengine, mara nyingi kwenye kishikio cha bampa ya nyuma. Kubwa zaidi ya yote ni difu. Kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 11, na 1HZ ni injini ya sentimita za ujazo 4,164 isiyo na tabo, yenye subira nyingi na nguvu ya wastani. Difu yenye uwiano wa 4.1 (yaani shafti inazunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko wa gurudumu) inapaswa kwenda karibu na 4.55 ili gari lirudi lilivyokuwa. Mimi niliziendesha 315 na difu ya asili, na kila nilipopanda kutoka Mto wa Mbu kuelekea geti la Ngorongoro nilikuwa gia ya pili mahali ambapo zamani nilitumia ya tatu, huku mshale wa joto ukipanda. Ukibadilisha uwiano, badilisha mbele na nyuma kwa pamoja. Zikitofautiana, siku utakapofunga habu na kuingiza gia ya magurudumu manne, ekseli mbili zitapigana hadi kitu kimoja kivunjike.

Matairi yaliyotumika nayanunua, lakini nasoma kwanza namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni, zinazoonyesha tairi lilitengenezwa lini. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nikiona miaka imezidi saba siendelei, hata kama kashata (meno ya tairi) zimejaa, kwa sababu mpira unakufa kwa jua na hewa hata ukikaa stoo. Nakunja ubavu kwa vidole gumba na kutazama kwa tochi kama kuna nyufa ndogo kama za udongo uliokauka, kisha naomba litolewe kwenye rimu nione ndani, mahali viraka vinapojificha. Soma pia namba ya mzigo: 285/75R16 huuzwa yenye 122, yaani kilo 1,500 kwa tairi, na yenye 126, yaani kilo 1,700. Zote zinatosha kwa 80. Ile ya 126 ina ubavu mgumu zaidi, inavumilia mawe, lakini inagonga mgongo kwenye barabara ya matuta, na ikishushwa upepo inachelewa kulainika.

Na ukiamua lolote kati ya hayo, nunua matano. Nati za gurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 100 za kwanza, na tairi la akiba liingizwe kwenye mzunguko pamoja na mengine kila kilomita 8,000 hivi, ili siku ya pancha liwe limelika sawa na wenzake.